Mabawa ya Grand Nord: kampuni za ndege za Goma, Butembo na Beni

Ndege za Air Zaïre zilichorwa chui anayeruka, na kila aliyemwona alijua ni chui wa rais wa nchi. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1961 kwa jina la Air Congo, ikabadilishwa jina mwaka 1971 pamoja na nchi yenyewe, ikafilisika mwaka 1995. Ilitangaza utukufu wa dola, na ratiba yake ilipangwa kwa macho ya Kinshasa. Wafanyabiashara wa Butembo, mkoani Kivu Kaskazini, waliouza kahawa na maharage na kuagiza vitambaa na vipuri kutoka ng'ambo, walikuwa pembezoni kabisa mwa ratiba hiyo.

Pengo hilo lilijazwa na kampuni za watu binafsi. Vita vya 1998 hadi 2003 viliikata nchi vipande: Goma ikashikwa na kundi la waasi la RCD lililoungwa mkono na Rwanda, Beni na Butembo zikaangukia mikononi mwa tawi lake lililojitenga, RCD-ML ya Mbusa Nyamwisi. Barabara ya Butembo hadi Goma, takriban kilomita 300, hupita Kanyabayonga kisha huteremka ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambako magari yameshambuliwa mara nyingi hadi yakalazimika kwenda kwa msafara wenye askari. Aliyeweza kulipa alipanda ndege, na safari ya siku nzima, au zaidi mvua ikinyesha, ikawa chini ya saa moja. Soko hili lilijengwa na hofu ya barabara. Historia yake haisimuliki bila kulisema hilo wazi.

Kampuni zilijitambulisha kwa majina ya nyumbani. Mwezi Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha yake ya kwanza ya kampuni zilizopigwa marufuku katika anga yake, na za Kongo zilijaa humo: Butembo Airlines, Goma Express, Virunga Air Charter, Uhuru Airlines, Wimbi Dira, TMK Air Commuter. Ukiisoma leo kama hati ya utamaduni, unaona watu waliochukua jina la mji, la mlima au la tumaini lao wakalibandika kwenye ndege kuukuu. Kampuni hizo hazikuwa zikienda Ulaya, hivyo abiria wa Kivu waliendelea kuzipanda. Wafanyakazi wa mashirika ya misaada walikuwa na ndege zao, za Umoja wa Mataifa au za MAF ya wamisionari kutoka Bunia. Anga moja ikawa na masoko mawili, na mama muuza vitenge alibaki katika lile lisilokaguliwa vya kutosha. Hilo linaniuma hadi leo.

Njia zenyewe ziliamuliwa na ardhi kuliko wakurugenzi. Uwanja wa Rughenda, Butembo, ni mfupi, na mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, ndege hubeba pungufu. Huko ni mahali pa ndege ndogo kama Let 410, Dornier 228 au Twin Otter, zenye viti karibu 19, ambamo uzito wa abiria na mizigo lazima ujulikane kabla ya kuruka. Kampuni isiyoweza kuleta ndege kubwa ilishindana kwa kuunganisha vituo, Goma na Butembo, Beni na Bunia, na kwa kubeba vifurushi pamoja na watu. Uwanja wa Mavivi, kaskazini mwa Beni kwenye barabara ya Oicha, hupokea ndege kubwa zaidi. Ndiyo maana kampuni ya CAA ya Kinshasa iliiweka Beni kwenye ramani yake. Basi watu wa Butembo wenye fedha husafiri kilomita 54 hadi Beni kutafuta ndege ya Kinshasa. Wanaokwenda Dubai au Guangzhou huvuka mpaka Kasindi na kupandia ndege Entebbe, Uganda.

Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee iliyokuwa ikienda Beni ilianguka Goma mara tu baada ya kuruka, juu ya nyumba za eneo la Birere. Walikufa zaidi ya watu 20, baadhi yao wakiwa wakazi wa hapo chini. Mwaka 2008 ndege ya kampuni ya Hewa Bora ilikuwa imeanguka Birere hiyohiyo. Wafiwa wa Grand Nord, yaani kaskazini mwa mkoa, waliwazika ndugu zao, na waliobaki wakaendelea kupanda ndege, kwa sababu barabara ilikuwa bado ileile.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma na uwanja wake ukafungwa. Serikali ya mkoa ikahamia Beni. Mji uliokuwa mwisho wa safari za Goma sasa ndio mlango wa mkoa kwa anayetoka Kinshasa. Wakati huohuo, mradi wa lami uliosainiwa kati ya Kongo na Uganda unalenga kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Siku lami hiyo itakapokamilika na kuwa salama, kampuni za ndege za hapa zitashindana na basi la Kampala, na kwa mara ya kwanza abiria wao atakuwa na njia nyingine salama ya kuchagua.