Ukuta wa Heshima

Leo, katika somo la historia, twende Marekani, mji wa Chicago, kwenye mitaa ya kusini walikokaa watu weusi.

Katika nyumba za sanaa za mji ule ilikuwa shida kuona sura ya mtu mweusi. Basi mwaka 1967 wachoraji weusi, wake kwa waume, walichukua rangi na ngazi, wakaenda kwenye jengo kuukuu la njia ya 43. Wakachora mashujaa wao ukutani: Nat Turner, aliyeongoza watumwa kuasi mwaka 1831, W.E.B. Du Bois, mwandishi aliyezikwa Ghana. Na Muhammad Ali, aliyenyang'anywa ubingwa wa ndondi mwaka ule ule kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Wakauita Ukuta wa Heshima.

Fikirini jambo hili. Picha iliyo nyumbani kwa tajiri huonwa na tajiri na wageni wake. Picha ya njiani huonwa na mchukuzi, na mama atokaye sokoni, na mtoto. Haina kiingilio, wala haimwulizi mtu kama ajua kusoma.

Leo ukuta ule haupo. Jengo liliungua mwaka 1971, likabomolewa. Lakini mfano wake ulikwisha kuenea, na watu wa miji mingine ya Marekani walichora kuta zao.

Kazi ya juma hili: tafuteni picha ya ukutani mtaani kwenu, mwandike sentensi tatu. Amechorwa nani? Kwa nini? Kama hakuna, mngependa achorwe nani? Kwaherini.