Sura za Mungu wa Mvinyo

Katika mji wa Munich, Ujerumani, limehifadhiwa bakuli la udongo la kunywea mvinyo, kazi ya Exekias, fundi wa Athens, ya yapata mwaka 530 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mnywaji aliyelimaliza hata tone la mwisho alikuta chini yake, juu ya wekundu wa marijani, chombo cha tanga jeupe, na ndani yake Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wayunani, mwenye ndevu na taji, amejinyoosha kwa raha zake, ilhali mzabibu umeukwea mlingoti na kuning'iniza vichala saba, na pomboo saba wanazunguka chombo. Pomboo hao, kwa mujibu wa hadithi ya kale, ni maharamia waliomteka wakimdhania mwana wa mfalme. Hofu ilipowashika wakajitosa baharini, wakageuzwa maumbile. Utulivu wa picha hiyo, basi, umeficha adhabu.

Haiba hiyo ya kifalme haikudumu. Karne zilizofuata zilimnyoa ndevu, zikamchonga kijana laini; Warumi wakamwita Bacchus; na mwaka 1496 Michelangelo, barobaro wa miaka 21, akaanza kumchonga kwa marumaru akiwa mlevi hasa, macho yamelegea, miguu haina imani na ardhi. Kadinali Riario aliyeiagiza sanamu hiyo hakuiridhia, ikaishia bustanini kwa Jacopo Galli.

Lakini aliyemshusha hadi kwetu ni Caravaggio, katika picha ya yapata mwaka 1597, iliyomo katika jumba la Uffizi, Florence. Bacchus huyu ni kijana wa mtaani aliyevikwa majani ya mzabibu na shuka jeupe. Uso na mikono vimeiva kwa jua kuliko kifua, na kucha zake zina weusi wa taka. Mbele yake komamanga limepasuka, na matunda mengine yameanza kuoza.

Nasadiki kwamba kila zama ilichora katika sura hiyo hukumu yake juu ya anasa: Exekias aliiona enzi, Michelangelo udhaifu, Caravaggio mauti yanayonyemelea uzuri. Zamani mnywaji alimkuta mungu chini ya bakuli. Sasa mungu mwenyewe anamnyooshea mtazamaji bilauri pana iliyojaa, na mvinyo umo ukitikisika.