Nyasi bandia uani: kasoro nyingi huanzia chini yake

Nyasi bandia zilianza kama kitu cha viwanja vya michezo. Mwaka 1966 ziliwekwa katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Marekani, kwa sababu uwanja ule ulikuwa na paa na nyasi za kawaida zilikufa kwa kukosa jua. Leo tunaziona kwenye vibaraza, kwenye migahawa na kwenye nyua za watu wanaojenga vijijini wakiwa na kazi mjini. Mtu ananunua mita kadhaa, anazitandaza Jumamosi, na baada ya masika mbili anaona zimejikunja, zinanuka, na pale karibu na jiko pana shimo jeusi. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuzirekebisha bila kununua upya.

Kwanza tujue ni kitu gani. Majani yake ni nyuzi za plastiki zilizoshonwa kwenye kitambaa, na mgongo umepakwa mpira wa kuzishika. Plastiki inayotumika zaidi huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 120 hivi, na kaa la moto ni kali mara kadhaa ya hapo. Ndiyo maana kipande kimoja cha mkaa kikidondoka, majani hayaungui kama karatasi, bali yanaganda kuwa bonge gumu. Bonge hilo halichaniki wala halioshwi. Dawa yake ni kukata.

Lakini kabla ya kushika kisu, inua pembe moja uangalie chini. Tukiona nyasi bandia zimebonyea, zina mawimbi au zinanuka, mara nyingi kosa haliko kwenye nyasi bali kwenye udongo. Zimetandikwa juu ya ardhi laini, mvua ikinyesha udongo unatitia, maji yanatuama, na mkojo wa mbwa au kuku waliolala hapo unabaki chini. Ukibandika kiraka juu ya ardhi ya namna hiyo, kitang'oka mvua ijayo.

Basi kunja nyasi upande. Ondoa udongo wa juu kina cha sentimita 5 hadi 10, weka kokoto ndogo, juu yake vumbi la mawe, kisha mwagia maji kidogo na shindilia mpaka kisigino kisiache alama. Acha mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita, maji yaelekee mbali na ukuta wa nyumba. Kama una ndago, zing'oe na vitunguu vyake vyote. Ndago zina ncha kali, hutoboa hata karatasi ya nailoni, na zikishatokea katikati ya nyasi bandia utazing'oa kila wiki. Kwenye sakafu ya saruji kazi ni ndogo: inua, osha sakafu, anika pande zote mbili juani, rudisha.

Sasa kiraka. Kata sehemu iliyoungua kwa umbo la mraba, hata kama doa ni la duara, maana pande zilizonyooka ndizo zinazokutana vizuri. Usikate kidogo mno; kiraka kisichofika upana wa kiganja hakishiki kwa muda mrefu. Kata kutoka mgongoni, kwa wembe mpya au kisu cha kukatia kapeti, ukipita katikati ya mistari ya mshono ili usikate majani.

Kipande cha kuzibia utakitoa wapi? Kama fundi alikuachia mabaki, vizuri. Ila mabaki yaliyokaa stoo hayajapigwa jua, na kiraka kitang'aa kama shati jipya juu ya suruali kuukuu. Sisi tunapendelea kukata kipande kutoka mahali pasipoonekana, kama nyuma ya tangi la maji, na kile kipya kwenda kuziba huko nyuma. Kabla ya kubandika, pitisha mkono uone majani yamelala kuelekea wapi, na chora mshale mgongoni. Kiraka kikilala kinyume, rangi itaonekana tofauti hata kama ni nyasi zile zile.

Chini ya kiungo weka utepe maalumu wa kuungia nyasi bandia. Ukikosa, tumia ukanda wa turubai la kitambaa, si la plastiki. Gundi nyeupe ya mbao haifai, kwa kuwa maji huilainisha. Tafuta gundi ya kuungia nyasi zenyewe. Isipopatikana, ile ya mafundi viatu inasaidia: paka pande zote mbili, subiri ianze kunata kidoleni, kisha gandamiza na uweke matofali mpaka kesho yake. Gundi hiyo hushika moto haraka na mvuke wake huumiza kichwa, hivyo fanya kazi nje, mbali na jiko na watoto.

Matunzo ya kila siku si mengi. Fagia kwa fagio gumu la chelewa kinyume na majani yalivyolala, yatasimama tena. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida. Penye mkojo wa mnyama, siki iliyochanganywa na maji hupunguza harufu. Petroli na thina usiziguse, zinaharibu mgongo na gundi.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni joto. Nyasi za asili hujipoza kwa maji yaliyo ndani yake, plastiki haiwezi. Saa za mchana, mahali pasipo kivuli, inaweza kuzidi nyuzi joto 60, na hiyo inaunguza nyayo za mtoto anayejifunza kutembea. Weka mgongo wa mkono wako hapo kwanza. Ukishindwa kuuacha, mtoto asikanyage. Kumwaga maji husaidia kwa muda mfupi tu. Kwa ua mpana wenye jua na maji ya mvua, sisi tungepanda ukoka, na nyasi bandia tungeziacha kwa kibaraza na sehemu zisizoota kitu.

Zikichakaa kabisa, usizichome, moshi wa plastiki ni sumu. Wala usizitandaze shambani kuzuia magugu. Majani yake hukatika vipande vidogo vinavyobaki kwenye udongo, na mbuzi hula chochote. Kata sehemu iliyo nzima uiweke mlangoni ya kufutia miguu. Inakwangua tope vizuri kuliko gunia.