Kipimamwendo

Mafundi wengi husema spidi mita. Mimi naling'ang'ania neno kipimamwendo, na sababu yangu ni Land Rover Series III.

Difu yake ya asili ni 4.7 kwa 1. Wenye gari hilo hupenda kulifungia difu ya Range Rover ya zamani, 3.54 kwa 1, ili injini isilie sana barabara kuu. Waya wa mita, hata hivyo, hutoka kwenye gia boksi, kabla ya difu, hivyo haujui kwamba magurudumu sasa yanazunguka zaidi. Mshale ukisema 60, gari liko karibu 80. Hiyo ni hatari kubwa!

Waya huohuo huzungusha tarakimu za kilomita: zikisoma 100, umeshakwenda kama 133. Kosa ni moja, la kasi na la umbali, na Kiswahili hulibeba kwa neno moja: twasema "mwendo mkali", twasema pia "mwendo wa siku mbili". Spidi haifiki huko.

Dawa ni kijisanduku cha gia kinachofungwa kwenye waya, kikiongeza mizunguko mara 1.33, kisha kuhakiki kwa GPS.