Kutoka Gunia Hadi Simu: Historia Fupi ya Pesa za Msaada

Najua nimeadimika, kazi ya kuandika programu imenibana. Leo naweka msimbo kando kidogo ili tuzungumze historia. Msikimbie, teknolojia imo humu humu.

Nilipokuwa mtoto, msaada ulikuwa na sura moja: gunia. Ukame ukizidi lori linakuja, watu wanaitwa majina, akina mama wanapanga foleni na vyombo vyao. Siku ya pili unaona baadhi ya mahindi yale yale sokoni yakiuzwa kwa bei ya kutupa, maana nyumba haihitaji unga peke yake. Inahitaji chumvi, sabuni, dawa na karo pia. Nikauliza, kwa nini wasiwape pesa tu? Wakubwa walinijibu kwamba maskini akishika pesa atalewa. Jibu hilo nililibeba miaka mingi.

Baadaye, nilipoanza kufanya kazi na mifumo ya malipo, niligundua kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikutajwa sana. Noti ni mzigo mgumu. Lori la mahindi haliibiwi kirahisi, lakini begi la noti kwenye barabara ya vumbi ni karamu ya majambazi. Kuzipeleka pesa hizo kijijini kulihitaji gari, askari na karani, kila mwezi, hata kama anayepokea ni mia tano tu.

Hata hivyo serikali ya Kenya ilijaribu. Mwaka 2004 ilianza na nyumba 500 zinazolea yatima, huko Garissa, Kwale na Nairobi, kwa shilingi 500 kwa mwezi. Kidogo, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilijaribiwa kuanzia mwaka 2005, na lengo la kwanza lilikuwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Watu wa majaribio wakaitumia walivyotaka wao: kutumiana pesa. Waliobuni mfumo wakawasikiliza, na Machi 2007 ukazinduliwa kwa umma kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Hadi leo nawaambia vijana ninaofanya nao kazi: mtumiaji anajua kazi ya programu yako kuliko wewe.

Mwaka uliofuata, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Concern Worldwide liliitumia M-Pesa kupeleka msaada Bonde la Kerio. Wengi hawakuwa na simu, wala umeme wa kuichaji. Basi watu wakawekwa katika vikundi, kila kikundi kikapewa simu moja na chaja ya jua. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa kupambana na njaa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Huko walitumia kadi na alama za vidole, na wenye maduka wakawa ndio benki.

Sasa tuje Siaya. Shirika la GiveDirectly, lililoanzishwa na wanafunzi wa uchumi wa Harvard na MIT, lilituma pesa kwa simu moja kwa moja kwa nyumba za Rarieda, bila masharti yoyote. Kati ya 2011 na 2013 watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro (huyu wa pili ni mmoja wa waanzilishi) walilinganisha waliopewa na wasiopewa, baada ya kupiga kura. Waliopewa walikula vizuri zaidi, walinunua mifugo, na nyoyo zao zilitulia. Matumizi ya pombe na sigara hayakupanda. Lile jibu la wakubwa likaanguka hapo.

Kilichonivutia zaidi ni tofauti hii: waliopokea kidogo kidogo kila mwezi walikula vizuri, waliopokea kwa mkupuo walielekea kwenye bati. Mwenye paa la nyasi anaelewa. Nyasi zinaoza, zinavuja, kila mara unalipa kuziezeka upya. Bati linanunuliwa mara moja, lakini hiyo mara moja ndiyo maskini hana.

Kati ya 2014 na 2017 kukawa na jaribio kubwa zaidi, vijiji 653 vya Siaya, ambapo zaidi ya nyumba 10,000 zilipata kama dola 1,000 kila moja. Wengi waliogopa bei zitapaa. Zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Majirani ambao hawakupewa chochote nao walinufaika, kwa kuwa pesa zilipita kwa fundi, kwa muuza samaki, kwa mwenye duka. Watafiti walikadiria kila dola moja ilizaa kama dola 2.5 katika uchumi wa pale. Na mwaka 2025 matokeo mengine yalitoka: katika nyumba zilizopewa, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Hiyo namba niliisoma mara mbili.

Si kwamba mambo yalienda laini kote. Homa Bay watu wengi walikataa pesa. Uvumi ulienea kwamba ni za shetani, na nani anakupa pesa bure bila kukujua? Mimi siwalaumu.

Na hapa nakiri yangu. Miaka fulani nilifanya kibarua katika mradi mmoja wa malipo. Niliandika programu iliyolinganisha majina ya orodha na ya vitambulisho, ikikataa lolote lisilofanana herufi kwa herufi. Nilijivunia sana. Baadaye nilitembelea kijiji kimoja, nikakutana na nyanya mmoja aliyekosa malipo mawili. Tofauti ilikuwa herufi moja, karani aliandika alivyosikia. Nyanya alikuwa amekopa unga dukani akitegemea pesa hizo, akaishia kuuza mbuzi wake wa pekee kulipa deni.

Aliniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo mashine yako inanijua kuliko majirani zangu?"

"Hapana, nyanya. Kosa ni langu," nikamjibu. Malipo yake yalirudishwa. Mbuzi hakurudi.

Niliporudi mjini nilibadilisha mistari michache. Jina lisipofanana, programu haikatai tena. Inamtuma mtu apige simu na kuuliza. Inachelewesha kazi, na meneja alilalamika, lakini sijaifuta.

Ndiyo maana nawaandikia historia hii. Miaka mingi tulibishana kama maskini ataharibu pesa. Ushahidi wa Siaya umejibu hilo. Swali lililobaki linatuhusu sisi wenye kuandika programu: pesa zikishindwa kumfikia, ni nani kati yetu atakayeuza mbuzi?

Haya, kwaherini kwa leo. Kama kuna mzee nyumbani anayepokea pesa za serikali, muulize kama jina lake limeandikwa sawasawa.