Kesho safari ya Kamanyola: pikipiki itengenezwe leo jioni ao iachwe?

Nguba, kartye ya komine ya Ibanda iliyo kando ya mpaka wa Ruzizi, haikosi kliyenti anayeuliza motari kama anaweza kumfikisha mbali: Kavumu, Nyangezi, Kamanyola, hata Uvira. Wanapatana bei, wanaagana kuonana saa kumi na mbili ya asubuhi. Jioni motari anasikia shene inalia, ao fre ya nyuma inashuka kuliko jana. Apite kwa fundi na usiku huu, ao aende hivyo hivyo?

Swali la kwanza si ugonjwa gani pikipiki iko nao. Ni hili: kitu hicho kikikatalia njiani, itakuwaje? Buji ikikufa, watu wawili wanasimama kando ya barabara na kuchelewa. Fre ikikufa ni hadisi nyingine. Barabara ya kitaifa namba 5 inatokea upande wa Panzi, inapita Nyangezi, kisha inateremka Ngomo mpaka Kamanyola. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, Tanganyika kwenye 770 hivi. Katika ile tofauti ya karibu mita 700, Ngomo inakula sehemu kubwa, kona juu ya kona, na shimo upande mmoja.

Basi fre haingoji kurudi. Boxer na TVS nyingi za kazi ziko na fre za tambur nyuma. Kama garnitiri bado ni nene, kukaza ile ekru ya mwisho wa fimbo kunatosha, kazi ya dakika mbili, lakini gurudumu lizunguke bure pedali ikiachwa. Likishikwa, tambur itachemka kabla ya Nyangezi. Garnitiri zikiwa zimeisha, zibadilishwe jioni, si asubuhi kliyenti amekwisha kufika na mizigo yake. Garnitiri mpya hazishiki vizuri mara moja, zinahitaji kwanza kulala kwenye tambur. Bukavu haina shida ya miteremko ya kujaribia.

Shene nayo inaweza kufanywa: katikati icheze sentimeta 2 mpaka 3, na kile kipini cha kuiunga kiangalie upande wake uliofungwa kule shene inakoenda, la sivyo kinaweza kuchomoka. Gupiye ya ekseli irudishwe mahali pake, hata kama fundi anasema haina maana. Lakini shene inayoruka meno inataka mpya pamoja na pinyo zake zote mbili. Kama piyese hazijapatikana kabla giza kuingia, safari hiyo ni ya motari mwingine.

Moteri ndiyo inayodanganya watu. Inavuta kidogo, inatoa moshi, na kuna rafiki anayesema "tufungue tu, saa mbili tumemaliza." Segma mpya zinataka rodaje ya mamia ya kilomita bila kulazimishwa, na kupandisha Ngomo na watu wawili siku ya kurudi si rodaje. Valvu, hizo zinapimwa moteri ikiwa baridi kabisa. Iliyoshinda kazini mchana kutwa haipoi kwa nusu saa. Karbireta inayowasha kila asubuhi isiguswe.

Vidanje inaruhusiwa, ila kwa mwanga mzuri na mkono mwepesi. Bulo ya chini inaingia kwenye alminiamu: ikikazwa kupita kiasi, nyuzi zinakatika na mafuta yanatiririka. Washa moteri dakika chache, zima, pima mafuta pikipiki ikisimama wima, tazama chini kama kunadondoka.

Kama saa mbili ya usiku ingali wazi ao haijazungushwa na mtu nyuma yake, kliyenti apigiwe simu usiku huo huo. Inauma, franga ya safari moja inaweza kupita ya siku nzima ya mjini. Lakini mtu aliyeambiwa usiku anapata muda wa kutafuta mwingine, na yule mwingine mara nyingi ni mwenzake wa parkingi.

Kwa wanaoondoka: shambrere, buji, funguo zake, na kable ya ambreyaje, ambayo wengine wanaifunga kabisa kando ya ile ya zamani. Na juu ya Ngomo, vitesi ya pili iingie kabla mteremko haujaanza, si baada ya tambur kuanza kunuka.