Kiratibu Mafunzo, si Mfumo wa Usimamizi wa Ujifunzaji

Tafsiri inayozagaa siku hizi katika zabuni na miongozo ya idara za rasilimali watu ni "mfumo wa usimamizi wa ujifunzaji". Imechongwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na waliokaa mezani wakaipitisha bila kufungua programu yenyewe wakaona inafanya nini. Msomaji anaijua programu hiyo: ndiyo LMS, ile ambayo mwajiri huiwekea masomo ya usalama kazini, maadili au udhibiti wa utakatishaji fedha, na mfanyakazi akaingia kwa nywila yake, akasoma, akajibu maswali, akapata cheti. Haihitaji maelezo zaidi. Ninachodai ni kwamba jina hilo lina kosa la lugha na kosa la ukweli, na kwamba Kiswahili kilikuwa na neno bora lililo karibu kabisa na mkono: kiratibu mafunzo.

Sina ugomvi na "ujifunzaji" likiwa peke yake. Vyuo vya ualimu vimelizoea na linafanya kazi yake. Ubaya ni kuliweka chini ya "usimamizi". Kitenzi jifunza kina -ji- ya kujirejea, kwa hiyo mtenda ndiye mtendwa, na hakuna wa tatu. Chini yake kuna funda, kitenzi kilekile cha kungwi anayemfunda mwari, nacho ndicho kilichotuzalia mwanafunzi, mkufunzi na hata fundi. Usimamizi je? Msimamizi wa mtihani hutembea kati ya madawati na haruhusiwi kufundisha lolote. Msimamizi wa mirathi hugawa mali isiyo yake. Msimamizi wa shamba husimama wakati wengine wameinama. Kote huko, simamia ni kusimama juu ya kazi ya mwingine, na kazi inayofanyika ndani ya kichwa cha mtu haina pa kusimamiwa. Hata neno la Kiingereza lililotafsiriwa halikuanzia kwenye kusimama. Menejimenti, kama tunavyoitamka, asili yake ni maneggiare ya Kiitaliano, kumshika na kumwongoza farasi, na ndani yake umo mkono. Waliokaa mezani wangefuata mkono huo wangefika karibu zaidi na ukweli kuliko walivyofika kwa kufuata mazoea ya ofisi.

Kosa la pili linaonekana ukichungulia ndani ya mtambo. Masomo mengi ya kazini huhamishwa kutoka programu moja hadi nyingine kwa kufuata viwango viitwavyo SCORM, vilivyoanzishwa chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Katika toleo la 1.2, la mwaka 2001, hali ya mtu katika somo huandikwa kwa moja ya maneno sita tu: amefaulu, amekamilisha, amefeli, hajakamilisha, amepitia, hajaanza. Huongezwa alama, muda aliotumia, mahali alipoishia, na kumbukumbu ya ziada isiyozidi herufi 4,096. Neno la saba, lisemalo "amejifunza", halimo. Mfanyakazi wa ghala anayebonyeza "endelea" mara ishirini huku macho yako kwenye magunia ataandikwa amekamilisha, sawasawa na mwenzake aliyetoka nje, akasimama mbele ya kizimamoto na kulinganisha kila agizo la kwenye skrini na pini aliyoishika. Programu imesema kweli yake yote. Jina ndilo lililoahidi kisichokuwepo. Na ahadi hiyo ina gharama. Ofisi inayoamini kwamba inanunua usimamizi wa ujifunzaji huandika zabuni ya kudai ripoti za nani aliingia saa ngapi na kukaa dakika ngapi, ikasahau kuuliza nani atayapanga masomo, nani atayahuisha sheria ikibadilika, na kama yatafunguka kwenye simu ya mlinzi aliye lindoni na kifurushi kidogo cha data.

Kilichomo humo ni mafunzo, neno ambalo watumishi wamelitumia miaka mingi katika "mafunzo kazini", na ambalo Tanzania imeliweka kichwani mwa mpango wa walimu, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA. Yanachofanyiwa mafunzo hayo ni kuratibiwa. Mzizi ni wa Kiarabu, r-t-b, wa kuweka vitu katika safu na daraja zake, na Kiswahili kimeuzalisha kwa wingi: ratiba ya vipindi, mwendo wa taratibu, utaratibu wa ofisi, mratibu wa mradi. Pwani neno lina heshima ya ziada, kwani ratibu ni uradi unaosomwa kwa mpangilio na kwa wakati wake, na uliotajika zaidi ni ule wa Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1720. Humo maneno yamepangwa, marudio yamehesabiwa, na unyenyekevu ameachiwa msomaji. Sijaona maelezo yanayoikaribia programu hii kuliko hayo: inapanga lipi litangulie, inamgawia nani lipi, inakumbusha siku ya kurudia, inaweka kumbukumbu.

Watasema mratibu ni mtu, na kwamba simu za Android zimekwisha kumpa jina hilo msaidizi wa Google. Ndiyo maana nimechagua ki-, ya kikokotoo, kichapishi na kivinjari, ambayo haimpi mtambo utu. Wanaopendelea "jukwaa la kujifunzia" wametaja pahali na kuiacha kazi inayofanyika hapo. Wanaotosheka na "mfumo" wamesahau kwamba ofisi moja ina mfumo wa mishahara, wa likizo na wa manunuzi. Mtu akipiga simu kusema mfumo umegoma, fundi wa TEHAMA lazima aulize upi. Wanaonisikitisha zaidi ni wanaosema tafsiri imekwisha kupitishwa. Ngamizi ilikuwa na watetezi wake, tarakilishi ikaingia vitabuni Kenya, na watu wengi wakabaki na kompyuta. Neno langu nalo litapimwa kwa mizani hiyo hiyo, na ninakubali, ila litapanda mizanini na silabi saba dhidi ya kumi na tano.

Matumizi ni mepesi: kiratibu mafunzo kwa ukamilifu, kiratibu kwa ufupi, viratibu kwa wingi. Hata msimamizi atapata nafasi yake halali, kwa kuwa chombo kina mtu aliyekabidhiwa. "Kiratibu kinaonyesha sijamaliza somo la moto," mfanyakazi atasema, na msimamizi wa kiratibu atajua pa kutazama.